Faili ipo, utafutaji hauioni: kisa cha ofisi ya kompyuta tisa

Tuchukue ofisi moja yenye kompyuta tisa za Windows, seva ndogo ya Linux inayogawa folda kwa Samba (programu inayowezesha Windows kuona folda za Linux), na swichi ya zamani ya megabiti 100 kwa sekunde. Kwenye seva kuna gigabaiti 140 za nyaraka, faili elfu 86 hivi: mikataba, barua, ankara, ripoti, na rundo la PDF zilizotoka kwenye skana. Kila kompyuta inaziona kama diski Z. Malalamiko ni yaleyale kila wiki. Mtu anajua mkataba upo, anakumbuka hata jina la mkandarasi, ila kuupata ni kufungua folda moja baada ya nyingine, au kumpigia simu aliyeuhifadhi.

Jaribio la kwanza lilikuwa kisanduku cha kutafuta cha Windows chenyewe. Kiliwachosha upesi. Mahali ambapo hapana faharasa, yaani orodha ya maneno na faili yanamopatikana, Windows hupita faili moja moja, na kwa kawaida huangalia majina tu, si yaliyomo. Ukiwasha chaguo la kuangalia na yaliyomo, kila utafutaji unageuka kuwa safari ya kuvuta nyaraka zote kupitia kebo.

La pili lilionekana la busara zaidi: kila mtu aweke programu ya kutafuta kwenye kompyuta yake, nayo itengeneze faharasa ya diski Z. Piga hesabu. Mtandao wa megabiti 100 hupitisha takriban megabaiti 11 kwa sekunde ukiwa na bahati. Gigabaiti 140 kwa mwendo huo ni saa tatu na nusu. Zidisha mara tisa, maana wote wanapita mlango mmoja wa seva, unapata kama saa 32 za mtandao uliobanwa, na hapo ni kujenga mara ya kwanza tu. Halafu kuna nakala tisa za faharasa, kila moja ikiwa na maneno yaliyotolewa ndani ya nyaraka, zikikaa kwenye kompyuta zinazobebwa kwenda nyumbani. Hilo la mwisho peke yake lingetosha kuzuia mpango huu.

Faharasa ikae pale faili zilipo. Seva inasoma diski yake yenyewe bila kugusa mtandao, inajenga faharasa moja, na watu wanaiuliza kupitia kivinjari. Kama seva ingekuwa ya Windows Server, njia fupi ingekuwa kuwasha huduma yake ya Windows Search, ambayo haiwashwi yenyewe, kisha kuiambia ihudumie folda iliyogawiwa. Kompyuta za wafanyakazi zingeuliza faharasa ya seva moja kwa moja, na matokeo yangechujwa kwa ruhusa za kila mtu. Hapa seva ni Linux, kwa hiyo chaguo ni Recoll, programu huria inayojengwa juu ya maktaba ya Xapian.

Kuiweka

Kwenye Debian kazi ni mstari mmoja:

apt install recollcmd python3-recoll poppler-utils antiword unrtf ocrmypdf tesseract-ocr-swa

Recoll yenyewe haijui kufungua kila aina ya faili. Inaomba msaada: pdftotext kwa PDF, antiword kwa faili za zamani za .doc, unrtf kwa .rtf. Msaidizi akikosekana haigombi. Inaandika jina la faili kwenye faharasa na kuacha yaliyomo. Ndiyo maana baada ya mzunguko wa kwanza inafaa kufungua faili iitwayo missing ndani ya folda ya mipangilio. Imeorodhesha wasaidizi waliokosekana na aina za faili zilizoathirika. Wengi hawaifungui, wakabaki wakidhani kila kitu kimesomwa.

Mipangilio ya msingi iko kwenye recoll.conf:

topdirs = /srv/nyaraka
skippedPaths = /srv/nyaraka/Utawala /srv/nyaraka/Chelezo
skippedNames+ = ~$* Thumbs.db *.tmp *.pst
maxfsoccuppc = 90

Folda ya Chelezo imerukwa kwa sababu ina nakala tatu za nyaraka zilezile. Ukiiacha ndani, kila jibu linakuja mara nne na watu wanafungua toleo la zamani. Faili zinazoanza na ~$ ni vivuli ambavyo Word huacha wakati waraka umefunguliwa. Zile za .pst ni masanduku ya barua pepe yanayobadilika kila siku, na hayafai kukaa kwenye folda ya pamoja hata kidogo, lakini huo ni ugomvi mwingine. Mstari wa mwisho unasimamisha kazi diski ikijaa kufikia asilimia 90, ili faharasa isije ikaiangusha seva yenyewe.

Faharasa iwekwe kwenye SSD hata kama nyaraka ziko kwenye diski ya kawaida. Usomaji wa faili ni wa mstari mrefu na diski ya kawaida inaumudu. Kuandika na kusoma faharasa ni kurukaruka huku na huko.

Ratiba iliyochaguliwa ni mara mbili kwa siku, kupitia cron, huduma ya Linux inayoendesha amri kwa saa zilizopangwa:

30 12,19 * * * recollindex -c /srv/faharasa/wote

Cron inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 12 na 19 hapo ni saa sita na nusu mchana na saa moja na nusu usiku. Recoll inaweza pia kufuatilia mabadiliko papo hapo kwa recollindex -m, na kwa kuwa faili ziko kwenye diski ya seva yenyewe ingefanya kazi. Kama zingekuwa kwenye kifaa kingine kilichounganishwa kwa mtandao, ufuatiliaji huo usingeona mabadiliko yanayofanywa na kompyuta nyingine, na ratiba ndiyo ingebaki. Kwa ofisi ya kompyuta tisa ratiba inatosha, mradi watu waambiwe mapema kwamba waraka uliohifadhiwa saa tatu asubuhi utaanza kupatikana baada ya chakula cha mchana.

Majaribio 20

Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, chagua nyaraka 20 ambazo wafanyakazi wenyewe wanasema wanazihitaji, andika neno moja lililo ndani ya kila moja, kisha tafuta. Usichague wewe, fundi huchagua faili zinazofunguka vizuri.

Hapa zilipatikana 11. Kati ya tisa zilizobaki, tano zilikuwa PDF za skana, mbili zimefungwa kwa nenosiri, moja ilikuwa ya Word yenye picha ya ukurasa iliyobandikwa ndani, na moja ilikuwa PDF ya kawaida kabisa kwa macho. Hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa karibu. Ukiifungua, maandishi yanasomeka na hata kipanya kinayachagua. Lakini amri hii:

pdftotext ankara-0417.pdf - | head

inatoa mchanganyiko wa alama zisizo na maana. Fonti iliyopachikwa ndani yake haina jedwali la kuonyesha umbo gani ni herufi gani. Jicho linaona herufi, programu inaona nambari za maumbo. Dawa ni kuitendea kama picha: OCRmyPDF, programu inayotambua herufi kwenye picha ya ukurasa na kuongeza maandishi ndani ya PDF, kwa chaguo la --force-ocr.

Za nenosiri hazina njia ya mkato. Aliyezifunga azifungue, au zipatikane kwa jina la faili pekee.

Skana, mahali kazi ilipo

PDF ya skana ni picha ya karatasi. Haina neno hata moja ndani yake. Kuzitambua ni rahisi: pdffonts ikirudisha orodha tupu ya fonti, au pdftotext ikitoa maneno sifuri, hiyo ni picha. Ofisi hii ilikuwa na faili kama 3,100 za namna hiyo, kurasa zipatazo 14,000.

Kabla ya kukimbiza zote, pima 100. Kwenye seva hii yenye viini vinne, kurasa 100 zilichukua dakika 2 na sekunde 10, maana yake kurasa 14,000 ni saa tano hivi. Kazi ya usiku mmoja. Amri ni hii:

ocrmypdf -l swa+eng --skip-text --rotate-pages --deskew asili.pdf mpya.pdf
touch -r asili.pdf mpya.pdf

Lugha mbili zimetajwa kwa sababu barua za ofisi huchanganya. Ukiacha swa, Tesseract, injini ya kutambua herufi ambayo OCRmyPDF huitumia, inasoma Kiswahili kwa mazoea ya Kiingereza na kuyapinda maneno yafanane na yale inayoyajua. --skip-text inaruka kurasa ambazo tayari zina maandishi, --rotate-pages inazigeuza zilizolala ubavu, --deskew inanyoosha zilizoskaniwa mshazari. Mstari wa pili unarudisha tarehe ya faili ya asili. Ukiusahau, barua za miaka kumi zote zinaonekana zimeandikwa usiku mmoja, na kila anayepanga matokeo kwa tarehe anapotea.

Faili za asili zisifutwe siku hiyo wala wiki hiyo. Zihamishiwe kwenye folda nje ya utafutaji mpaka watumiaji wamezifungua mpya za kutosha.

OCRmyPDF hueleza kilichotokea kwa namba ya kutokea, yaani namba inayoiacha ikimaliza kazi, na script isiyoisoma ni script kipofu. Sifuri ni salama. 2 ni faili mbovu. 6 ni kwamba maandishi tayari yapo. 8 ni kwamba faili imefungwa kwa nenosiri. Zenye saini ya kidijitali inazikataa, na ina haki: kuongeza tabaka la maandishi kunabadilisha faili, na saini inakuwa batili. Kwa folda ya nyaraka zilizosainiwa kuna njia nyingine. Recoll yenyewe inaweza kuita Tesseract wakati wa kujenga faharasa, ukiweka pdfocr = 1 na ocrprogs = tesseract. Maneno yanaingia kwenye faharasa, faili haiguswi. Ubaya wake ni kwamba aliyefungua waraka hawezi kunakili sentensi wala kutafuta ndani yake.

Karatasi mpya nazo zinahitaji njia. Skana ilipangwa ipeleke kila kitu kwenye /srv/skani, kwa nukta 300 kwa inchi, rangi ya kijivu. Chini ya 300 Tesseract huanza kuchanganya rn na m, na namba za ankara ndizo huumia kwanza. Kila dakika tano script inachukua zilizo tayari:

find /srv/skani -iname '*.pdf' -mmin +2

Sehemu ya -mmin +2 ndiyo roho ya mstari huu. Skana huandika faili polepole, ukurasa kwa ukurasa. Ukiichukua katikati unapata nusu faili na namba ya kutokea 2. Kusubiri dakika mbili bila mabadiliko kunamaliza tatizo. Nayo -iname badala ya -name ni kwa sababu skana nyingi huandika .PDF kwa herufi kubwa, na Linux huona hilo ni jina tofauti.

Skana ya zamani ikigoma kuunganishwa, mara nyingi inataka SMB1, toleo la zamani la lugha ya kugawa faili, ambayo Samba huizima yenyewe tangu toleo la 4.11. Usiiwashe kwa ajili ya mashine moja. Ipe skana njia ya FTP inayoishia kwenye folda hiyo tu.

Mishahara kwenye matokeo

Hili ndilo linaloharibu miradi ya namna hii, na mara nyingi linagunduliwa na mtu asiyetakiwa. Ruhusa za Samba zinamlinda anayefungua diski Z. Ukurasa wa kutafuta haupiti Samba. Ukurasa huo, Recoll WebUI, unasoma faili kwa jina la mtumiaji anayeuendesha kwenye seva, unaonyesha vipande vya maandishi kwenye matokeo, na una kitufe cha kupakua. Ukiuendesha kama root, mtumiaji mwenye ruhusa zote, na faharasa ikajumuisha kila kitu, mtu yeyote akiandika neno mshahara anaona mistari ya jedwali la mishahara bila kuwa na ruhusa ya kufungua folda yenyewe.

Mstari wa skippedPaths hauaminiki peke yake, kwa kuwa siku moja mtu atauhariri. Ulinzi wa kweli ni wa mfumo: faharasa ya wote inajengwa na mtumiaji aitwaye mtafutaji, ambaye hana ruhusa ya kusoma /srv/nyaraka/Utawala kabisa. Hata mstari ule ukifutika, hawezi kusoma asichoruhusiwa. Faharasa ya pili, ya Utawala peke yake, inajengwa na mtumiaji mwingine, ina folda yake ya mipangilio na ukurasa wake. Wakuu wanatafuta mara mbili, kwenye kurasa mbili. Ni usumbufu, na ni bei ndogo.

WebUI haina mlango wa nenosiri. Iachwe isikilize 127.0.0.1 tu, yaani seva yenyewe, bandari 8081 kwa moja na 8082 kwa nyingine, na mbele yake iwekwe nginx, programu ya seva ya tovuti, inayodai jina na nenosiri kupitia HTTPS. Bila cheti cha HTTPS, nenosiri linapita kwenye kebo likiwa wazi.

Kubofya na kufungua

Watu wanatarajia kubofya jibu na Word ifunguke. Vivinjari vinakataa: ukurasa uliotoka kwenye seva hauruhusiwi kufungua kiungo cha file://, na bonyeza utakavyo hakuna kinachotokea. Njia nyepesi ni kupakua, lakini ina mtego. Mtu anapakua mkataba, anaurekebisha, anauhifadhi kwenye folda yake ya vipakuliwa, na toleo la seva linabaki la zamani. Wiki mbili baadaye kuna mikataba miwili inayotofautiana.

Suluhisho lililofaa hapa halina mvuto wowote: ukurasa unaonyesha njia kamili ya faili kwa sura ya Windows, mfano \\seva\nyaraka\Mikataba\2022, nayo inanakiliwa na kubandikwa kwenye File Explorer. Kupakua kumebaki kwa kusoma tu.

Maneno ya Kiswahili hubadilika kichwani

Programu nyingi za kutafuta zina akili ya kuunganisha sura za neno moja, lakini akili hiyo imefunzwa lugha zinazobadilisha mkia. Recoll ikitumia kanuni za Kiingereza inajua kuondoa -s na -ing. Neno la Kiswahili hubadilika mwanzoni: mkataba, mikataba, kibali, vibali, mkaguzi, wakaguzi, ukaguzi. Ukiandika mkataba, waraka wenye mikataba pekee hauji. Watumiaji wakaanza kusema utafutaji "unabahatisha", na hawakuwa mbali na ukweli.

Nyota mbele ya neno inasaidia. *kataba inaleta mkataba na mikataba. *kaguzi inaleta mkaguzi, wakaguzi, ukaguzi. Ni nzito kidogo kwa seva, maana inabidi ipitie orodha yote ya maneno, lakini kwa faili elfu 86 tofauti haisumbui.

Si kila mzizi unakubali. Jaribu *lip* ukitaka kila kinachohusu kulipa: zitakuja malipo na tulilipwa, na zitakuja pia walipofika, alipouliza, tulipokutana, kwa sababu li na po za wakati uliopita hukaa pamoja na kutengeneza herufi zilezile. Bora malipo OR *lipa OR *lipwa. Kwa kibali, *bali inaleta bali na mbali, yaani karibu kila waraka wa ofisi. Andika kibali OR vibali. Cheti na vyeti vivyo hivyo, kwani *eti itaokota tiketi na soketi.

Maswali kama haya hayafai kuandikwa upya kila siku. Swali huonekana kwenye anwani ya ukurasa wa matokeo, kwa hiyo yale kumi yanayorudiwa yalihifadhiwa kama alamisho kwenye vivinjari vya kompyuta zote tisa. Vichujio vitatu vilifundishwa na vinatumika kweli: ext:pdf, date:2021/2022, na alama za kufunga na kufungua kwa maneno yanayofuatana, mfano "ripoti ya ukaguzi".

Wiki ya tatu

Asubuhi moja seva ilikuwa nzito na recollindex ilikuwa bado inafanya kazi tangu jana usiku. Hakuna aliyeongeza nyaraka nyingi. Kilichotokea ni kwamba jioni iliyotangulia ruhusa za folda nzima zilirekebishwa kwa chmod -R. Recoll hupima mabadiliko kwa ukubwa wa faili na ctime, yaani wakati faili au ruhusa zake zilipoguswa mwisho, na chmod hugusa ctime hata pale ambapo yaliyomo hayakubadilika. Faili elfu 86 zikaonekana mpya zote. Mstari mmoja uliongezwa:

testmodifusemtime = 1

Sasa inaangalia tarehe ya yaliyomo. Kubadilisha jina la folda kubwa bado kunaleta usumbufu uleule, kwa kuwa njia ya faili ni sehemu ya utambulisho wake; zoezi kama hilo lipangwe Ijumaa jioni.

Faharasa ikiharibika, kwa mfano umeme ukikatika katikati ya kuandika, haitengenezwi. recollindex -z inaifuta na kuijenga upya kutoka kwenye nyaraka, na tabaka la maandishi tayari limo ndani ya PDF, kwa hiyo zile saa tano hazirudiwi. Chelezo ibebe /srv/nyaraka, faili mbili za recoll.conf, mipangilio ya nginx na script ya skana. Folda za xapiandb, ambazo ndizo faharasa yenyewe, ziachwe nje.